Ekseli Iliyovunjika Iletwe Darasani

Ndugu walimu wanafunzi, katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita niliketi nyuma ya darasa la sita katika shule moja wilayani Kibondo. Somo lilikuwa mashine rahisi, na baiskeli ilikuwa imechorwa ubaoni vizuri sana. Mtoto mmoja akasimama akauliza: "Mwalimu, ekseli ya pedeli ya baba ilikatika akiwa amepakia gunia moja la muhogo. Siku zote hupakia mawili. Kwa nini ilikatika siku ile?" Mwalimu akajibu kwamba chuma kilikuwa kibovu, akaendelea na somo. Baadaye niliambiwa kwamba baba yule alianguka mteremkoni akavunjika mkono, wala hakulima msimu ule.

Simlaumu mwalimu. Sisi wakufunzi wake hatukuwa tumempa jibu.

Jibu ni kwamba chuma huchoka. Mzigo usioweza kukivunja kwa mara moja huweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi mno. Ufa usioonekana huanza, ukakua kidogo kidogo, hata sehemu iliyobaki nzima ishindwe kuhimili. Ndipo chuma hukatika ghafla, pengine kwa mzigo mwepesi kuliko wa jana. Tena ufa hauanzii popote. Ekseli za baiskeli nyingi za mizigo zipandazo vilima vya Kasulu na Kibondo zimechongwa mkato wa kupitishia kotapini ishikayo mkono wa pedeli. Mkazo hujazana penye mkato kama maji ya mto yanavyokaza mwendo yanapoizunguka nguzo ya daraja. Bamba pana lenye tundu la duara likivutwa, mkazo ukingoni mwa tundu hufikia mara 3 ya ule ulio mbali nalo. Mkato wenye pembe kali huzidi hapo.

Na taabu ya ekseli hiyo si ya aina moja. Mguu wa kulia ukikanyaga, huipinda. Mguu wa kushoto ukikanyaga, huipinda na papo hapo kuisokota, kwa kuwa nguvu yake hupita ndani ya ekseli kuifikia gia iliyo upande wa kulia. Kukadiria maisha ya chuma kinachopindwa tu si kazi ngumu mno kwa mhandisi. Kupinda na kusokota vikichanganyika penye mkato, wahandisi hutofautiana hadi leo, wala hawajapata kanuni moja ifaayo kwa vyuma vyote.

Dunia ilijifunza haya kwa gharama. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni iliyotoka Versailles kwenda Paris ilikatika, wakafa watu zaidi ya 50. Wengi walidhani mtikisiko hubadili chuma ndani kikawa chembechembe. William Rankine alionyesha mwaka 1843 kwamba ufa huanzia kwenye pembe kali ya ekseli, akashauri pembe hiyo iviringwe. Baadaye August Wöhler, wa reli za Prussia, alizizungusha ekseli kwa miaka mingi akihesabu mizunguko. Kazi yake kubwa, nawaambia, ilikuwa kuhesabu.

Kuhesabu mtoto wa darasa la sita anakuweza. Yapeni makundi waya za urefu mmoja. Kundi la kwanza lipinde waya huku na huku hadi ukatike. La pili lipinde waya uliokwaruzwa kwa tupa. La tatu lipinde na kusokota pamoja. Kabla ya kuanza, kila kundi liandike ubaoni hesabu linayotabiri. Mtaona kwamba hata waya zinazofanana hazikatiki kwa hesabu moja. Msiifiche tofauti hiyo kwa kuogopa mkaguzi! Rudieni, tafuteni wastani, andikeni ya chini na ya juu. Waambieni watoto pia kwamba waya uliopindwa hivyo huchoka upesi, bali ekseli huchoka kwa mapindo madogo yasiyoonekana kwa macho.

Mkufunzi mwenzangu mmoja ameniambia kwamba haya ni mambo ya chuo cha ufundi. Sikubaliani naye. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ihusiane na maisha ya kijiji, nasi tumeridhika na bustani ya mchicha. Mtoto anayepanda nyuma ya gunia kila siku ya soko ana haki ya kujua kilicho chini yake.

Ekseli iliyokatika huombwa kwa fundi yeyote wa baiskeli. Itazameni sura ya mkatiko: mara nyingi upande mmoja ni laini, umefifia, una mistari kama pete za gogo la mti, huko ufa ulitembea polepole. Upande mwingine hukwaruza. Huko ndiko kulikokatika siku ya ajali. Mpeni mtoto aishike, aeleze mwenyewe ni upande upi ulitangulia. Waya nazo zikatwapo huwa za moto na zenye ncha, basi vipande vikusanywe kwenye kopo kabla kengele haijalia.