Umwene wa Ufipa Uko Kwenye Chungu, Siyo Kwenye Ngozi ya Chui

Ukitaja tu hapa chuoni kwamba unatoka Sumbawanga, utani unaanza kabla hujamaliza sentensi. Utaulizwa umekuja kwa basi au kwa ungo. Utaombwa usimtumie mtu radi wakati wa mitihani. Mimi utani huo siuchukii, nimeuzoea na kujibu najua. Hata jina la mji wenyeji hulieleza kwa maana ya "tupa uchawi", yaani ukifika hapa wanga wako uache nje. Kinachonisumbua ni kwamba baada ya uchawi, jambo la pili na la mwisho ambalo watu wanalijua kuhusu kwetu ni mahindi. Basi. Nchi ya uwanda wa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, iliyokuwa na wafalme wake na viwanda vyake vya chuma, imebaki na mambo mawili. Na hayo mahindi yenyewe ni mgeni.

Siku hizi mambo ya uchifu yamerudi kwenye mazungumzo. Tangu Septemba 2021, machifu walipomsimika Rais Samia kwa jina la Chifu Hangaya kule Mwanza, kila mkoa unatafuta machifu wake, matamasha yanaandaliwa, ngozi za chui na mikuki vinatolewa kabatini. Sipingi. Lakini naona tunaokota maganda na kuacha kiini. Hoja yangu ni hii: urithi wa mwene wa Ufipa umekaa zaidi kwenye chakula kuliko kwenye mavazi, na kama heshima tunayompa mwene haifiki kwenye sahani ya mtoto wa Rukwa, basi tunacheza ngoma tu.

Tuanze na historia, maana wengi hatukufundishwa. Masimulizi ya Wafipa yanasema mtawala wa kwanza aliitwa Ntatakwa, naye alishuka kutoka mbinguni. Makao yake yalikuwa Milansi, chini ya mlima Itwelele. Baadaye, mfalme wa Milansi akiwa mawindoni, walifika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Twa, wakakalia kiti chake. Mfalme aliporudi alikuta nchi ina wenyewe wapya. Hapo ungetegemea damu imwagike. Masimulizi yanasema waliafikiana: wageni watawale nchi, Milansi ibaki na heshima ya ukubwa na mambo ya matambiko. Kutokana na ukoo huo wa wageni zikatokea falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Ukisikia leo Wilaya ya Nkasi, ujue hilo ni jina la ufalme. Mwanaanthropolojia Roy Willis alikusanya masimulizi haya na kuyatolea kitabu mwaka 1981. Kizungu kipo, Kiswahili chake tunakisubiri.

Sasa, falme hizo zilisimama juu ya nini? Hapa ndipo chakula kinapoingia. Wafipa walikuwa wafua chuma. Walijenga tanuri refu za udongo, malungu, zinazofika kimo cha mita tatu, na uzuri wake ni kwamba hazikuhitaji mtu wa kuvukuta. Matundu ya chini yalivuta hewa yenyewe, moto ukapanda kama kwenye bomba la moshi. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri ndogo iitwayo kintengwe, ndipo kikaenda kwa mhunzi. Profesa Bertram Mapunda amefanya utafiti mkubwa juu ya chuma hiki. Na mhunzi, pamoja na mambo mengine, alitengeneza jembe.

Jembe lilikwenda kwenye intumba. Hizi ni tuta za mviringo ambazo Mfipa anazilima mvua zikiwa bado zipo na ardhi ni laini. Unakata nyasi, unazirundika, unazifunika kwa udongo. Nyasi zinaoza humo ndani. Juu ya tuta unapanda maharage. Msimu unaofuata unazitawanya hizo tuta, shamba linakuwa tambarare lenye mboji, unamwaga mbegu ya ulezi. Mtu wa kilimo hapa chuoni anaijua hiyo kwa majina ya kisasa: mboji, mzunguko wa mazao, mikunde ya kurutubisha udongo. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880, enzi za mwene Kapufi, na akaandika kwamba hajaona watu walio wakulima halisi kuliko hawa.

Na ulezi ndio uliokuwa chakula. Ugali wake ni wa rangi ya udongo mwekundu iliyokolea, mzito, unanata kidogo mkononi. Uji wake ndio uji wa mtoto na wa mama aliyejifungua. Pombe yake ndiyo pombe ya matambiko, ya mahari na ya kuwashukuru waliokuja kusaidia kulima. Jambo moja ambalo bibi yangu hachoki kulisema ni kwamba ulezi hauna haraka. Ukiuweka ghalani vizuri unakaa miaka mingi bila kubunguliwa, wakati mahindi ukichelewa kuyatia dawa dumuzi wanakuwahi. Fikiria maana yake kwa mtawala. Mwene mwenye maghala ya ulezi alikuwa na akiba ya njaa ya miaka, siyo ya miezi. Leo tunasifiwa kwamba Rukwa ni moja ya maghala ya taifa. Ughala huo hatukuanza nao na mahindi.

Kwenye sahani hiyo ongeza maharage, ambayo kwetu huliwa punje na majani yake pia. Ongeza uyoga wa masika. Ongeza migebuka na dagaa wa kukausha waliopandishwa kutoka Kirando na Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, na samaki wa Ziwa Rukwa wanaopitia upande wa Muze. Yaani uwanda ulikula nafaka yake na maziwa mawili yakaleta kitoweo. Huo ndio mlo ninaouita urithi wa kifalme, hata kama mwene na mkulima waliula kwa vyungu tofauti.

Sasa tuje kwenye takwimu ambazo zinapaswa kutukosesha usingizi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba Rukwa iliongoza Tanzania kwa watoto waliodumaa: asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa 2022 ukaonyesha tumepungua hadi karibu asilimia 50, na nchi nzima asilimia 30. Soma tena. Mkoa unaolisha wengine, nusu ya watoto wake hawakui inavyotakiwa. Hii siyo njaa ya kukosa ugali. Watoto wanashiba. Wanashiba sembe iliyokobolewa ikabaki nyeupe, na uji wa sembe hiyohiyo, mara mbili kwa siku, mama akiwa shambani.

Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalisi. Mahindi hayafiki hata 30. Sisemi ulezi peke yake utaondoa udumavu. Huo utakuwa uongo, tena uongo wa mtu anayesomea ualimu. Udumavu una maji machafu ndani yake, una kuhara, una mama mjamzito anayelima mpaka mwezi wa mwisho, una mtoto anayelishwa mara mbili badala ya mara nne au tano, una maharage na samaki vinavyouzwa vyote ili kulipa madeni. Lakini huwezi kuwa na nafaka ya namna ile, uliyorithi, halafu ukaiachia iende kwenye pombe na kwenye magunia ya wafanyabiashara, ikarudi dukani mjini kwenye pakiti yenye picha ya mtoto mnene ikiitwa unga wa lishe.

Najua nitakavyojibiwa. La kwanza: ulezi ni kazi. Ni kweli, na anayesema hivyo ana haki. Palizi yake inachosha, kwa sababu kuna gugu linalofanana nao kabisa likiwa changa. Kuvuna ni kwa kisu, suke moja baada ya jingine. Kupura, kupepeta, kusaga, kote huko anayeinama ni mama na binti. Mahindi yakashinda kwa sababu yanavunwa haraka na yana soko. Kwa hiyo tukisema "turudi kwenye ulezi" bila kusema nani atapura, tunawaongezea akina mama mzigo na kuupa jina zuri la utamaduni. Mashine ndogo za kupuria nafaka zipo duniani. Wenzetu wa uhandisi mnaotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, mada hiyo hapo.

La pili: habari za wafalme ni za kizamani, machifu walifutwa kisheria mwaka 1963 ili tuwe taifa moja. Nami nasema vizuri, na sitaki arudi mtu wa kulimiwa shamba kwa lazima. Lakini tazameni Uganda. Serikali ilifuta falme mwaka 1967, zikarudishwa 1993. Miaka 26 Buganda haikuwa na Kabaka, na kwa miaka yote hiyo watu waliendelea kufunga luwombo kwenye jani la mgomba, chakula ambacho Waganda husimulia kilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga mwaka 1887. Kiti kiliondoka, chakula kikabaki kinasimulia. Malawi nao mwaka 2017 waliuingiza ugali wao, nsima, kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ugali tu, jamani. Sisi ugali wa ulezi tunauonea aibu mbele ya wageni, tunawapikia wali.

Sisi wa elimu ndio nawalaumu zaidi, nikiwemo kwenye kundi hilo. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilikuta darasa la kidato cha pili, katika mkoa wetu huohuo, wanataja Meroe na Nok kwenye chuma bila kukosea, wanaeleza Buganda, Karagwe na Mwenemutapa kwenye falme. Nikauliza hilo neno "mwene" kwenye Mwenemutapa wamewahi kulisikia nyumbani. Kimya, halafu mmoja akasema babu yake hulitumia. Nikauliza malungu. Wawili walikuwa wameyaona mabaki yake wakichunga ng'ombe, wakadhani ni vichuguu. Wafipa kwenye vitabu vyetu wanatajwa, wakitajwa, kwa neno moja ndani ya orodha.

Sasa tumepata somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Huo ndio mlango. Mwalimu wa Sumbawanga hahitaji kusubiri kitabu kutoka Dodoma. Awatume wanafunzi kwa wazee wakaulize Milansi ilikuwa nini, intumba inalimwaje, kwa nini ulezi haukukosekana kwenye tambiko. Awapeleke kwenye tanuri iliyo karibu. Halafu mchana wa siku hiyo wale ulezi.

Hapo ndipo nataka tufike, kwenye chakula cha shule. Wazazi wengi tayari wanachangia mahindi na maharage kwa debe. Kamati ya shule ikiomba debe la ulezi juu ya hayo, uji wa asubuhi unabadilika bila bajeti ya wizara. Shule ikiwa na shamba, robo ekari ya intumba ni somo la kilimo, la sayansi na la historia kwa mkupuo. Watoto wakiuona ulezi shuleni, watauheshimu nyumbani, kwa sababu mtoto wa kijijini anaamini kilichopo shuleni ndicho cha kisasa.

Na sisi wanafunzi wa kutoka Rukwa tuliopo hapa, tuna siku ya utamaduni kila mwaka. Kila mwaka tunavaa, tunacheza, tunapigwa picha, tunapanga foleni ya pilau. Mwaka huu nawaomba tufanye tofauti. Tuchange kidogo kwenye bumu, tuagize gunia la ulezi na kapu la migebuka, tupike, na kila anayechukua sahani tumweleze habari za Ntatakwa, za wanawake watatu na za tanuri isiyovukutwa. Atakayetaka kuuliza kuhusu ungo na radi tutamjibu, lakini aanze kwanza kunawa mikono.