Ng'ombe Aliyepotea: Maoni Kuhusu Ritifaa na Faharasa za Hifadhidata

Imekuwa desturi miongoni mwetu wanaleksikografia kuyaona mambo ya seva kuwa ni ya fundi peke yake. Sisi hukusanya vidahizo, tukabishana juu ya fasili, kisha tukamkabidhi fundi data yetu kama vile mswada ukabidhiwavyo kwa mpigachapa. Katika maoni haya nadai kwamba mgawanyo huo wa kazi si sahihi, na kwamba hitilafu nitakayoieleza, ijapokuwa ilidhihirika ndani ya mashine, chanzo chake kimojawapo ni jambo la kiisimu ambalo tumeliacha bila kuliamua.

Mradi mmoja wa kamusi nilioshiriki ulihifadhi vidahizo vyake katika hifadhidata ya PostgreSQL, juu ya seva ya Linux iliyotumia Debian 9. Seva hiyo ilipandishwa hadi Debian 10, toleo lililotoka Julai 2019. Kazi ilikwisha bila onyo lolote. Programu ya hifadhidata iliwaka, wahariri wakaingia, na kila mtu akaendelea na herufi yake. Siku chache baadaye mhariri mmoja akatafuta kidahizo ng'ombe, akajibiwa kuwa hakimo. Mwenzake akatafuta ngoma, akakipata. Yule wa kwanza, kwa kudhani kwamba kidahizo kilifutwa kwa bahati mbaya, akakiingiza upya. Hifadhidata ikakipokea bila kusita, ingawa jedwali liliwekewa kanuni inayokataza kidahizo chenye namba ileile ya homonimu kuingia mara mbili. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu, maana hifadhidata inayokiuka kanuni yake yenyewe haiaminiki hata kwa yale inayoyajibu vizuri.

Shauri la kwanza lilikuwa kurudisha nakala ya akiba. Namshukuru fundi kwa kulikataa. Nakala yetu ilikuwa ya mafaili ya hifadhidata yenyewe, na kama ingerudishwa juu ya mfumo ule mpya ingeleta ugonjwa uleule pamoja na kupoteza kazi ya siku zile. Shaka ya pili iliiangukia ritifaa: huenda wahariri walichapa alama tofauti, mmoja ile iliyonyooka na mwingine ile iliyopinda. Shaka hiyo ilikuwa na msingi, lakini tulipozichunguza namba za herufi tulikuta alama ni moja. Hatimaye fundi aliiamuru hifadhidata isitumie faharasa, bali ipitie jedwali safu kwa safu. Ng'ombe akaonekana, tena wawili. Basi data ilikuwa salama. Iliyopotoka ni faharasa.

Faharasa ya namna hii hupangwa kwa mfuatano wa kialfabeti, na anayetafuta huelekezwa kushoto au kulia kwa kulinganisha neno lake na maneno yaliyokwisha pangwa. PostgreSQL, isipoelekezwa vinginevyo, haina alfabeti yake. Huazima ulinganishaji huo kutoka maktaba ya mfumo iitwayo glibc. Debian 9 ilitumia glibc 2.24. Debian 10 ilikuja na glibc 2.28, iliyotolewa Agosti 2018, ambayo kanuni zake za upangaji zilifanyiwa marekebisho makubwa. Awali alama za uandishi zilipuuzwa katika hatua ya kwanza ya ulinganishaji: ukipanga 11 na 1-1, ilitangulia 11. Katika toleo jipya alama huhesabiwa, nayo hutangulia tarakimu na herufi, hivyo 1-1 hutangulia 11.

Kwa Kiingereza badiliko hilo hugusa maneno machache. Kwetu sisi hugusa uti wa mgongo wa kamusi. Ng'ara, iliyokuwa ikikaa baina ya ngao na ngariba, sasa hutangulia maneno yote ya nga-. Mashina ya vivumishi tunayoyaandika kwa kistari, kama vile -zuri na -ema, yaliyokuwa yametawanyika katika Z na E, huhamia yote mwanzoni, kabla ya A. Faharasa yetu ilikuwa imepangwa kwa kanuni ya zamani, ilhali mtafutaji aliongozwa kwa kanuni mpya. Alipelekwa kushoto kumtafuta ng'ombe aliyefungwa kulia.

Tiba yenyewe ni nyepesi: kuondoa vidahizo vilivyorudiwa, kisha kuzijenga faharasa upya kwa amri ya REINDEX. Utaratibu huo haugeuzwi, kwani faharasa inayokataza marudio haikubali kujengwa ilhali marudio yangalipo. Aidha, tangu PostgreSQL 15, ya mwaka 2022, hifadhidata huweka kumbukumbu ya toleo la kanuni za upangaji na hutoa onyo linapobadilika.

Lakini baada ya kutibu, mpangilio gani ndio sahihi? Fundi alituuliza swali hilo, na katika chumba chenye wanaisimu watano hapakuwa na jibu moja. Mmoja alitaka ritifaa ipuuzwe. Mwingine alisema mpangilio mpya uachwe ulivyo. Alipendekeza pia fundi upangaji wa C, unaofuata namba za herufi tu na hautikiswi na mabadiliko kama haya. Katika utafutaji unafaa, ila katika uchapaji huiweka Zanzibar mbele ya asali.

Msimamo wangu ni kwamba maneno ya ng' yafuate baada ya maneno yote ya ng. Ritifaa katika ng'oa si alama ya uandishi. Ni sehemu ya herufi inayotenganisha neno hilo na ngoa, yenye maana ya wivu au tamaa. Najua nitajibiwa kwamba ch na sh nazo ni sauti mojamoja, na hatuzipi nafasi ya pekee katika kupanga. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo ch imeundwa kwa herufi ambazo kila moja ina mahali pake katika alfabeti, ilhali ritifaa haina mahali popote, na kisicho na mahali hupangiwa na wengine. Unicode yenyewe inatambua ritifaa iliyo herufi, U+02BC, mbali na zile mbili za uandishi, U+0027 na U+2019. Kibodi zetu hutoa ya kwanza kati ya hizo mbili, programu za uandishi huigeuza kuwa ya pili, na iliyo herufi sijamwona mtu akiichapa.

Tangu PostgreSQL 16, ya mwaka 2023, mtumiaji anaweza kuandika kanuni zake za upangaji kupitia maktaba ya ICU. Chombo kipo; kinachokosekana ni kanuni iliyokubaliwa na taasisi zetu za lugha, ikaandikwa, na ikapelekwa kwa wale wanaotunza data za lugha za Unicode. Katika mradi ule tuliamua, kwa muda, kuiweka ng' baada ya ng. Uamuzi huo umeandikwa katika faili moja ndani ya seva, mahali ambapo mhakiki wa kamusi yetu hatafika.