Aya Si Nakshi

Limezoeleka neno katika midomo ya watu wetu wa pwani, nalo linatuharibia: kila kilichochongwa kikapindwapindwa huitwa nakshi, hata kikiwa ni Aya ya Mwenyezi Mungu.

Juzi nilialikwa karamu katika nyumba mpya. Mwenye nyumba, kwa furaha yake, akanishika mkono: "Sheikh, njoo uitazame nakshi ya mlango wangu." Nikatazama. Juu ya mlango, upande wa kulia, Bismillahi imekaa sawa. Upande wa kushoto ileile imegeuzwa, kama uionavyo katika kioo. Fundi aliipindua karatasi ya kielezo ili pande mbili zilingane. Simlaumu sana. Aliagizwa nakshi, akachonga nakshi.

Ndugu msomaji, nakshi ni pambo: yungiyungi, mnyororo, majani yanayofuatana juu ya miimo na mfaa. Hurudiwa, hupinduliwa, hukatwa ubao unapokwisha. Ukiondoa jani moja umepunguza uzuri, basi. Ama hati ni neno lililoandikwa. Ina mwanzo na mwisho, husomwa kutoka kulia, na katikati ya neno nukta moja ikihama kutoka chini kwenda juu, ba huwa nun, na maana imekwenda zake.

Ataniuliza mtu: mbona wazee waliandika kwa maua? Kweli. Nenda Kizimkazi, Unguja, ukaitazame kibla ya msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra (1107). Ile ni hati ya Kufi, na ncha za herufi zimechipua majani. Lakini majani yale yanaitumikia herufi. Mwenye elimu huisoma mpaka leo, na mwaka wenyewe umejulikana kwa kusomwa hapo hapo.

Liko na kosa la upande wa pili, la mtu kuona mapindo ya majani katika kitambaa akadhani ni Kurani, akamgombeza muuza duka bure. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili la kwanza, kwani Aya ikishaitwa pambo huwekwa popote liwekwapo pambo: juu ya trei, juu ya mto wa kuegemea, hata mkeka wa kukanyagwa.

Mwenye nyumba yule nilimwambia faraghani. Ubao ameuteremsha, fundi anachonga mwingine, na safari hii karatasi ilipita kwangu kwanza.