Haki ya Kutafsiri na Mwenye Mali Aliyelala

Mwezi wa Aprili mwaka 2017 mahakama ya Amsterdam ilitoa hukumu juu ya shauri ambalo kwa matajiri wa filamu lilikuwa dogo, na kwa watu wa lugha ndogo lilikuwa kubwa mno. Chama kimoja cha Waholanzi, waliokuwa wakiandika kwa hiari yao tafsiri za maneno yasemwayo katika filamu na michezo ya televisheni na kuzitoa bure mtandaoni, kiliishitaki BREIN, taasisi inayolinda haki za wenye filamu, kikiomba itamkwe kwamba kuandika tafsiri hizo si kosa, maadamu picha yenyewe hawaiuzi wala hawaigawi, na watoacho ni maneno matupu. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba maneno ya filamu ni sehemu ya kazi ya mtunzi, na kwamba kuyahamisha katika lugha nyingine ni haki ya mwenye kazi, au ya yule aliyempa idhini, wala si ya mtu mwingine awaye yote.

Kwa sharia kama ilivyoandikwa hukumu ile ilikuwa sawa, nami sina ugomvi na hakimu aliyeitoa. Ugomvi wangu ni na sharia yenyewe, ambayo humruhusu mwenye mali kulala juu ya haki ya kutafsiri asiitumie, na papo hapo humpa nguvu ya kumkamata kila aliye macho. Kwa sharia ya Japani filamu hulindwa kwa muda wa miaka 70 tangu kutolewa. Na katika miaka hiyo yote, ambayo kwa wengi wetu ni umri mzima, watu wa lugha isiyo na soko waweza kunyimwa kazi ile pasipo yeyote kufaidika kwa kunyimwa kwao.

Nimeitaja Japani kwa sababu hakuna mahali ambapo jambo hili limedhihirika zaidi kuliko katika katuni za nchi ile, ambazo ulimwengu mzima sasa huziita anime. Mwaka 1977, zama ambazo wafanyabiashara wa Marekani aghalabu waliona kwamba katuni ni kitu cha watoto wadogo tu, wapenzi wachache wa Los Angeles waliunda chama chao, Cartoon/Fantasy Organization, wakawa wanakutana kutazama kanda zilizorekodiwa katika televisheni, nyingi zikiwa katika Kijapani kitupu, na aliyejua lugha, kama yupo, akiwaeleza wenziwe kinachotendeka. Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo iitwayo Amiga, ikiunganishwa na kifaa cha kuchanganya maandishi na picha ya video, iliwawezesha vijana wa namna hiyo kuandika tafsiri chini ya picha, na kanda zikaanza kusafiri kwa posta toka mji hadi mji. Aliyetaka nakala alipeleka kanda tupu pamoja na gharama ya stempu. Walijiwekea ada ambayo haikutungwa na bunge lolote: kanda isiuzwe wala isikodishwe, na siku mfanyabiashara atakapoinunua haki ya kuitoa katuni ile nchini mwao, waliotafsiri waache kuigawa. Ada hiyo haikuwahalalishia kazi yao mbele ya sharia, wala si wote walioishika, hususa baada ya intaneti kuifanya nakala kuwa kitu kisicho na gharama. Walakini yaonyesha kwamba watu hawa walijua tofauti baina ya kumsaidia mtazamaji na kumdhulumu mwenye mali, na waliichora mipaka yake mapema kuliko wanasharia.

Wenye mali kwa muda mrefu walinyamaza. Disemba 2004 mawakili wa kampuni ya Media Factory ya Tokyo waliandika barua kwa baadhi ya watafsiri, na kwa tovuti moja iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwao, wakitaka kazi za kampuni hiyo zisigawiwe tena. Na tovuti ikaziondoa. Barua ile ilizua mjadala mkubwa kwa kuwa ilikuwa ni jambo geni. Hadi hapo wengi walidhani kimya cha Tokyo ni idhini, na hiyo ni dhana ambayo katika sharia haimwokoi mtu.

Lakini tazama nani aliyeokoka. Mwaka 2006 vijana waliosoma katika chuo kikuu cha Berkeley, California, walianzisha Crunchyroll, mahali ambapo yeyote aliweza kupandisha katuni, na zilizopandishwa nyingi zilikuwa na tafsiri za wapenzi, bila ya idhini ya mtu. Mwaka 2008 wenye mitaji wa Venrock waliitilia zaidi ya dola milioni 4, na mali ile isiyo na idhini ingali imo. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ikafuta visivyo halali, ikafunga mkataba na TV Tokyo wa kuonyesha Naruto Shippuden muda mfupi baada ya kuonyeshwa Japani. Ikastawi, ikaheshimika, na mwaka 2021 Sony ikainunua kwa dola bilioni 1.175. Sisemi haya kwa kuionea choyo riziki ya mtu, na wala sikatai kwamba kampuni ile hivi leo huwalipa wenye kazi fedha ambazo wapenzi wa kanda za posta wasingeweza kuwalipa kamwe. Nasema kwa kuwa mwaka 2016, miaka saba baada ya kampuni ile kutakaswa na mikataba, polisi wa Kyoto waliwakamata Wachina wawili waishio Japani kwa tuhuma ya kutafsiri katuni na kuzitoa mtandaoni. Kosa lililotuhumiwa na kosa lililosahauliwa ni la ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja alipata mtaji wa kununua toba.

Kinachonistaajabisha zaidi, hata hivyo, ni kwamba msimamo ninaoutetea hapa uliwahi kuwa msimamo wa Japani yenyewe, tena ikautetea mbele ya mataifa.

Nchi ile ilipojifungua kwa ulimwengu katika karne ya kumi na tisa, elimu yake mpya ilijengwa kwa tafsiri. Fukuzawa Yukichi, ambaye sura yake ilikaa miaka mingi katika noti ya yeni 10,000, alianza mwaka 1866 kutoa kitabu chake Seiyō Jijō, kilichoeleza mambo ya nchi za Magharibi, na sehemu yake kubwa aliitafsiri kutoka vitabu vya Kiingereza pasipo kubisha hodi kwa mtunzi yeyote. Na Wajapani wenziwe walipokichapa kitabu hicho kwa wizi, alilalamika kwa nguvu, akawa miongoni mwa watu wa kwanza nchini humo kudai kwamba haki ya mwandishi ilindwe. Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema huo ni unafiki. Mimi naona palikuwa na insafu ndani yake: achapaye tena kitabu katika lugha ile ile humpokonya mwandishi wasomaji wake mwenyewe, ilhali akipelekaye kwa watu ambao wasingekisoma abadan hampokonyi kitu alichokuwa nacho.

Mwaka 1894 Japani ilifanya mkataba mpya na Uingereza ili kuondokana na ile mikataba ya dhuluma iliyowafanya Wazungu wahukumiwe na mabalozi wao katika ardhi ya Japani, na moja ya masharti ya kupewa heshima hiyo ilikuwa kujiunga na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unaolinda kazi za waandishi. Ilijiunga mwaka 1899, na mwaka huo huo ikatunga sharia yake ya hakimiliki, ambayo kifungu chake cha 7 kilikuwa na kanuni iliyoruhusiwa wakati ule na Mkataba wenyewe: mwandishi asipotoa tafsiri ya kitabu chake katika muda wa miaka kumi tangu kukitoa, haki yake ya kutafsiri imekwisha, na yeyote aweza kukitafsiri. Mataifa yalipokutana Berlin mwaka 1908 kuukaza Mkataba, wajumbe wa Japani walitetea uhuru wa kutafsiri baina ya Kijapani na lugha za Ulaya. Hawakusikizwa, nao wakajiwekea sharti la kubaki na miaka yao kumi. Wakabaki nayo kizazi baada ya kizazi. Sharia mpya ya mwaka 1970 ndiyo iliyoiondoa kanuni ile, na hata hiyo haikuvigusa vitabu vilivyotolewa kabla ya kuanza kwake, yaani kabla ya mwaka 1971, ambavyo mpaka leo vipo chini ya kanuni ya kale.

Wamarekani nao, ambao leo ni wakali wa kuwaonya wengine, wana historia yao. Mwaka 1853 Harriet Beecher Stowe alimshitaki huko Philadelphia mchapaji aliyekitoa kitabu chake Uncle Tom's Cabin katika Kijerumani bila ya ruhusa yake, na mahakama ikaamua kwamba tafsiri si nakala, akashindwa. Kwa hiyo nchi hizi zote mbili zilikula matunda ya tafsiri huria zilipokuwa na njaa nayo, kisha zikafunga mlango zilipokuwa na mali ya kulinda. Hilo ni jambo la kibinadamu, lakini lisiitwe kanuni ya milele.

Na kwa nini mwenye mali alale? Aghalabu si kwa roho mbaya. Katuni ya Kijapani kwa kawaida haina mwenyewe mmoja. Huwa na kamati ya kampuni kadha wa kadha, mchapaji wa kitabu cha awali, kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, mwenye kuuza vinyago, na kila mmoja ana sehemu yake na neno lake, na haki huuzwa nchi kwa nchi na lugha kwa lugha. Kwa Kiingereza, Kihispania, Kireno, Kifaransa, Kijerumani, hata Kiarabu, hesabu hiyo hulipa, na tafsiri hutoka pamoja na katuni au muda mfupi nyuma yake. Kwa Kiswahili hailipi, au bado hapajatokea aliyeipiga. Mtazamaji wa Mombasa au Bujumbura anayetaka kuona katuni hizo kihalali huzitazama kwa lugha za watu, na asiyezijua lugha hizo hutazama picha tu.

Sisi tumezoea kujitafutia. Filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zimewafikia wengi wetu kwa vinywa vya maDJ, akina marehemu Lufufu wa Dar es Salaam na waliomfuata, wasemao juu ya sauti ya filamu, wakifasiri, wakitania, wakiongeza yao. Ni sanaa kamili kwa macho yangu, nami ningesikitika kuona inakufa. Lakini kanda zao huuzwa, na muuzaji hampelekei mwenye filamu hata senti, kwa hiyo utetezi wangu wa leo siwezi kuunyoosha mpaka ukawafunika wauzaji hao.

Ninachotaka kimekwisha kuandikwa nusu. Mataifa yalipokutana Paris mwaka 1971 yaliuongezea Mkataba wa Berne nyongeza kwa ajili ya nchi zinazoendelea: kitabu kisipotafsiriwa katika lugha ya nchi hiyo kwa miaka mitatu, serikali yake yaweza kutoa kibali kitafsiriwe bila ya ridhaa ya mwenyewe, kwa kumlipa ijara ya haki; na ikiwa lugha hiyo haitumiki kwa kawaida katika nchi zilizoendelea, na Kiswahili ni mojawapo, muda huo ni mwaka mmoja tu. Lakini waliotunga nyongeza ile waliogopa ukarimu wao wenyewe, wakaifungia katika ufundishaji, elimu na utafiti, kana kwamba watu wa nchi maskini huhitaji kusoma tu, na kufurahi hawahitaji. Fauka ya hayo, waliizungushia taratibu nyingi hata nchi chache sana zilizojisumbua kuitumia.

Basi na ipanuliwe ifike kwenye maneno ya filamu na katuni, kwa masharti mepesi. Kazi iwe imekwisha kutolewa hadharani katika nchi ilikotoka. Mwaka uwe umepita bila ya tafsiri halali ya lugha ile. Atakayetafsiri atoe maandishi tu, na picha aichukue mtazamaji kwa njia halali, jambo ambalo si gumu kwa huduma nyingi zilizopo leo, zenye picha lakini zisizo na lugha yetu. Mwenye mali akileta tafsiri yake mwenyewe, kibali kikome.

Kuna watakaosema kwamba tafsiri ya mpenzi asiyelipwa huweza kuwa mbovu na kumvunjia mtunzi heshima. Ni kweli, na kifungu cha 6 cha Mkataba, katika sehemu yake iliyoongezwa Rome mwaka 1928, humpa mtunzi nguvu ya kupinga kazi yake isiharibiwe. Nguvu hiyo abaki nayo, na aitumie. Tafsiri za kulipwa nazo nimeziona mbovu.

Wengine watawataja wachoraji wa Tokyo, ambao ujira wao mdogo ni aibu ya siku nyingi ya biashara ile. Huruma hiyo ni yangu pia, lakini mchoraji aghalabu hulipwa kwa michoro aliyochora, na haki hushikwa na kamati. Mlango wa Kiswahili ukikaa umefungwa, hata kamati yenyewe haipati kitu humo. Maandishi yakitolewa bure, pasiwe na deni. Yakianza kuzaa fedha, kwa tangazo au kwa ada, sehemu iliyowekwa na sharia ipelekwe katika ofisi ya hakimiliki ya nchi, COSOTA kwa Tanzania Bara au KECOBO kwa Kenya, iandikwe kwa jina la kazi ile, ikae hapo hata mwenyewe aje kuichukua.