Mvumo wa Gitaa la Besi na Somo la Kutafuta Kosa

Katika vyuo vyetu twasisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kutenda. Hata hivyo, katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule za Tarime na Serengeti, somo la umeme mara nyingi huishia ubaoni: betri, waya, swichi na balbu. Mtoto hunakili mchoro ambao taa yake huwaka daima. Maoni yangu ni kwamba hiyo ni nusu ya somo tu. Nusu ya pili, nayo ndiyo yenye manufaa zaidi maishani, ni kutafuta kosa pale umeme unapokataa kutii.

Chukueni mfano wa gitaa la besi la umeme, kama yale yanayotumiwa na kwaya na bendi zetu. Gitaa linavuma. Fundi asiye na utaratibu hubadili nyuzi, kisha waya, kisha spika. Mvumo ukikoma, hajui ni badiliko gani lililouondoa. Huko si kutengeneza, bali ni kubahatisha. Mwenye utaratibu hujiuliza swali moja kila mara, na kila jibu humpunguzia mahali pa kutafuta.

Kwanza, je, gitaa hulia vibaya hata likiwa halikuunganishwa na amplifaya? Ikiwa ndivyo, kosa si la umeme. Huenda uzi unagonga vichuma vya shingoni, au skrubu imelegea.

Pili, ikiwa mvumo husikika kwenye spika tu, punguza sauti ya gitaa mpaka mwisho. Mvumo ukibaki, chanzo ni waya wa kuunganishia, tundu lake, au amplifaya. Ukitoweka, chanzo kimo ndani ya gitaa, au gitaa linaunasa kutoka hewani. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini ya gitaa la besi ina mitetemo 49 hivi. Ndiyo maana mvumo huo huchanganyika na muziki wenyewe.

Tatu, gusa nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua, waya unaounganisha daraja la gitaa na ardhi ni mzima, na dawa ni kuzingira sehemu za ndani kwa karatasi ya chuma iliyounganishwa na ardhi. Usipopungua, lakini ukapungua ugusapo chuma cha plagi iliyochomekwa kwenye gitaa, basi waya wa daraja umekatika. Kipimo cha mita kitathibitisha.

Lakini kabla ya kugusa lolote, hakikisheni kwamba amplifaya ina pini tatu na kwamba waya wake wa ardhi unafanya kazi. Wako watu ambao, ili kuondoa mvumo, hukata waya huo. Ni hatari kubwa. Mwaka 1972, mjini Swansea nchini Uingereza, mpiga gitaa Leslie Harvey alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni ambayo haikuunganishwa na ardhi. Kuondoa dalili bila kujua chanzo kwaweza kugharimu uhai.

Tena yafaa tuulize: je, kila mvumo ni kosa? Katika endongo ya Waganda, nyuzi hupita karibu sana na ngozi ili zivume kwa makusudi, na msikilizaji huona huo ndio utamu wake. Basi mwanafunzi atambue kwanza ni sauti gani inayotakiwa, ndipo aseme ni ipi iliyokosewa. Wazee wanaopiga iritungu ya Wakurya, yenye nyuzi 8, waweza kualikwa darasani kulieleza jambo hilo.

Huenda mtasema kwamba shule ya msingi haina gitaa la umeme. Ni kweli, wala halihitajiki. Tochi yatosha. Mwalimu aweke kosa moja: betri moja igeuzwe, au kipande cha karatasi kizibe mahali pa kugusana. Kila kundi liandike daftarini lilichokisia, lilichojaribu na lilichokiona, huku likibadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Nalo jambo hili halihusu sayansi peke yake. Mtoto akiandika kwamba 302 kutoa 178 ni 276, wengi wetu hurudia somo zima, na akikosa tena humwita mzito. Huo ndio ufundi wa kubadili spika! Mpeni 386 kutoa 152. Akipata 234, anajua kutoa. Mpeni 352 kutoa 138. Akiandika 226, kosa limejidhihirisha: katika kila safu hutoa tarakimu ndogo katika kubwa, kwa kuwa hajaelewa kukopa. Sasa mwalimu anajua hasa la kufundisha, na mtoto amesalimika na jina baya ambalo lingemfuata miaka mingi.

Kwa hiyo, ndugu wanachuo, kila mnapoandaa somo, andaeni pia kosa lake. Na mkutanapo na mtoto aliyekosa, msiulize ana akili kiasi gani. Ulizeni kosa lake linaanzia wapi.