KONA YA MWALIMU: Raga ya daftari, mchezo usio na mkeka

Poleni na jua la Juba, na poleni na foleni ya maji. Mwezi uliopita kwenye kona hii tulifanya hesabu za sokoni. Baada ya hapo wazazi kadhaa wa hapa Hai Amarat waliniuliza: mwalimu, na hawa vijana wetu wa kiume utawaandikia lini? Maana jioni hawakai nyumbani. Wako kwenye vibanda vya video wanasubiri jenereta iwake. Basi mwezi huu tunawafuata huko huko.

Tutazungumza juu ya raga ya fantasi. Msiogope jina. Fantasi maana yake ni timu ya kufikirika. Wewe unachagua wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, unawaandika kama timu yako, halafu unasubiri mechi. Wakifanya kazi nzuri uwanjani, wewe unapata pointi. Wakiharibu, unapoteza. Huko Ulaya watu wanaicheza kwa simu na kompyuta, hasa wakati wa Mashindano ya Mataifa Sita kila Februari na Machi. Sisi tutaicheza kwa daftari na kalamu. Haina gharama, na inafundisha hesabu kuliko mtu anavyofikiri.

RAGA YENYEWE KWA UFUPI

Waliokaa Kenya au Uganda wanaijua tayari. Kwa wengine, sikilizeni. Mpira una umbo la yai. Timu ina watu 15 na mechi ni dakika 80. Unakimbia umeubeba mpira mikononi, lakini ukimrushia mwenzako kwa mkono ni lazima umrushie nyuma au pembeni, si mbele. Mwenye mpira anaruhusiwa kukamatwa na kuangushwa chini. Ukifika nyuma ya mstari wa adui na kuuweka mpira chini, hiyo ni trai, nayo ina pointi 5. Baada ya trai mnapewa mkwaju wa nyongeza wa pointi 2. Penalti ikipita kati ya nguzo ni pointi 3.

Namba 1 hadi 8 ni watu wa mbele, wazito, wale wanaosukumana kwenye skramu. Namba 9 hadi 15 ni watu wa nyuma, wenye mbio na wenye kupiga mikwaju. Kumbukeni hilo, litatusaidia.

KANUNI ZA DAFTARI

Kwenye simu watu huchagua wachezaji 15. Sisi tuanze na wachache ili hata mtoto wa darasa la tano aweze.

1. Kila mtu anachagua wachezaji 8. Saba wanacheza, mmoja ni wa akiba. Kati ya wale saba, wanne ni watu wa mbele na watatu ni wa nyuma. Wa akiba anaweza kuwa yeyote.

2. Kila mtu ana nyota 65 za kununulia. Hizi ni za kwenye karatasi tu. Mchezaji mwenye jina kubwa ni nyota 12, wa kawaida ni nyota 8, asiyejulikana ni nyota 5. Bei zinapangwa na mtu mmoja asiyecheza, na zinabandikwa ukutani kabla ya mechi.

3. Usichukue zaidi ya wachezaji 4 kutoka timu moja.

4. Chagua nahodha mmoja. Pointi zake zinazidishwa mara mbili, ziwe za faida au za hasara.

5. Wa akiba anaingia kama mmoja wa wale saba hakupangwa, au ameumia akatoka kabla ya mapumziko.

Pointi ni hizi: trai 10, pasi iliyozaa trai 4, mkwaju wa nyongeza 2, penalti iliyoingia 3, kumwangusha mwenye mpira 1, kumpora adui mpira 5, mchezaji bora wa mechi 15. Hasara: kadi ya njano unatoa 5, kadi nyekundu unatoa 8.

Mtauliza, nani atahesabu walioangushwa? Nyinyi wenyewe. Kila mtoto apewe mchezaji mmoja wa kumfuata kwa macho, na kila akiangusha mtu achore kijiti kimoja kwenye daftari. Vijiti vitano ni fungu moja. Watoto wangu wa darasani wanaoonea uvivu jedwali la tano wamelijua kwa njia hii bila fimbo.

TUIPIME KWA MECHI YA KWELI

Tuchukue fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 28 Oktoba 2023, huko Ufaransa. Afrika Kusini waliifunga New Zealand 12 kwa 11. Yaani pointi moja tu! Na msisahau kwamba walishinda robo fainali 29 kwa 28 na nusu fainali 16 kwa 15. Pointi moja, mara tatu mfululizo.

Sasa fungua daftari. Trai ilikuwa moja tu mechi nzima, ya Beauden Barrett wa New Zealand. Anapata 10. Pointi zote 12 za Afrika Kusini zilipigwa na Handré Pollard kwa penalti nne. Anapata 12. Wengi wangewachukua hawa wawili na kujiona wamemaliza kazi.

Lakini mshindi wa daftari ni mtu ambaye hakufunga hata pointi moja. Anaitwa Pieter-Steph du Toit, mtu wa mbele wa Afrika Kusini. Siku hiyo aliangusha watu mara 28, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Ishirini na nane jumlisha kumi na tano ni 43. Kama ulimfanya nahodha, ni 86! Trai ya Barrett na penalti za Pollard ukizijumlisha pamoja hazifiki 25. Ndiyo maana wazee walisema haba na haba hujaza kibaba.

Tazama na upande wa hasara. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko kwa kumkaba mtu juu kichwani. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutolewa kwa kadi nyekundu kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya wanaume. Nahodha wa Afrika Kusini, Siya Kolisi, naye akapata ya njano kipindi cha pili. Manahodha wote wawili! Aliyemweka Cane kuwa nahodha wa daftari lake alipoteza pointi 16 kwa kadi hiyo peke yake.

Na Bongi Mbonambi, namba 2 wa Afrika Kusini, aliumia goti akatoka dakika za mwanzo kabisa, watu wengine hawajapata hata pa kukaa. Asiye na mtu wa akiba alibaki na watu sita.

SIRI TANO ZA KUSHINDA

Ya kwanza: nunua kazi, usinunue jina. Jina kubwa lina bei kubwa, na mara nyingi mtu analipia mambo ya mwaka juzi. Mfunga trai anategemea bahati na pasi za wenzake. Mtu wa kuangusha anafanya kazi hata timu yake inaposhindwa. Tena timu inayoshambuliwa sana ndiyo inayoangusha sana. Kwa hiyo watu wa mbele wa timu dhaifu wanaweza kukupa pointi nyingi kwa nyota 5 tu.

Ya pili: subiri orodha. Timu hutangaza kikosi siku kadhaa kabla ya mechi. Huyo Pollard hakuwa hata kwenye kikosi cha kwanza kilichokwenda Ufaransa. Aliitwa baadaye, Malcolm Marx alipoumia. Aliyefunga daftari lake mapema hakumwona. Tuma mtu mwenye simu akasome majina, halafu ndiyo muandike.

Ya tatu: angalia benchi. Kwenye fainali hiyo Afrika Kusini waliweka wachezaji wa akiba 8, na saba kati yao walikuwa watu wa mbele. Maana yake kocha alikusudia kuwabadilisha watu wa mbele wengi. Mchezaji aliyekaa benchi hakuletei kitu, hata awe nani.

Ya nne: usimpe unahodha mtu mwenye hasira. Nahodha wa daftari awe mtu wa kucheza dakika nyingi, mwenye kuangusha wengi na mwenye kadi chache. Ukiwa na wasiwasi kati ya wawili, mchukue mpigaji wa penalti. Kazi yake haikosekani.

Ya tano: usidharau mdogo. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, Kenya ilikutana na Fiji kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba. Kenya ilikuwa haijawahi kutwaa hata duru moja ya msururu huo wa dunia. Fiji walikuwa wafalme wa mchezo, na miezi minne baadaye walichukua dhahabu ya Olimpiki huko Rio. Lakini siku hiyo Kenya ilishinda 30 kwa 7, chini ya kocha Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu. Collins Injera alikuwemo, yule aliyemaliza safari yake na trai 279 kwenye msururu huo. Mwenye daftari aliyejaza Wafiji watupu kwa sababu ya jina alirudi nyumbani kimya.

Kanuni ya watu wanne ndiyo inayoleta kelele nyingi. Vijana wanapenda kuchukua upande mmoja tu. Mechi ya timu mbili inakulazimisha uchukue wanne wa huku na wanne wa kule. Jamani, hiyo ni kanuni nzuri kwetu sisi. Hapa mtaani kuna Wakongo, Wasudani, Waethiopia, Warundi na wenyeji wetu wa Sudan Kusini. Kijana akikaa dakika 80 anamshangilia mtu wa timu asiyoipenda kwa sababu amefanya kazi vizuri, amejifunza kitu ambacho mimi sina kitabu cha kumfundishia.

Wasichana pia wamo. Wakenya wa kike walicheza Olimpiki ya Rio 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mwaka 2025 Kombe la Dunia la wanawake lilikuwa Uingereza, na wenyeji waliwafunga Kanada 33 kwa 13 kwenye fainali. Kwa hiyo, kaka, usimwambie dada yako kwamba huu si mchezo wake. Hesabu zake zinaweza kukuaibisha.

SASA TUSEME UKWELI KUHUSU MKEKA

Wazazi, hapa ndipo nilipotaka kufika. Vibanda vile vile vinavyoonyesha mechi ndivyo vijana wanapojazia mikeka. Namjua kijana mmoja aliyetumwa kununua unga wa wiki. Alipita kwanza kubeti ili pesa izae. Mkeka ulichanika kwa mechi ya mwisho. Wadogo zake watatu walikula kwa majirani siku nne, na yeye hakuonekana nyumbani siku mbili kwa aibu. Kijana si mwizi. Ni mtu ambaye hakuna aliyemfanyia hesabu.

Basi tuifanye. Tuseme una mechi tano, na kila moja una nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Ili mkeka usimame ni lazima zote tano ziende ulivyosema. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 32. Kwa hiyo katika mikeka 32, tegemea mmoja usimame na 31 ichanike. Ukiweka mechi kumi, ni mmoja katika 1,024. Na mwenye duka anapanga malipo yake akijua hesabu hiyo vizuri kuliko wewe. Aliyeshinda utamwona anatamba mtaani. Wale 31 wamenyamaza.

Raga ya daftari inampa kijana yale yale anayoyafuata kule: ubishi, kungoja matokeo, raha ya kusema "niliwaambia!" Tofauti ni kwamba akishindwa, unga uko palepale. Kwa hiyo kanuni ya mwisho ni moja, na haina mjadala: hakuna pesa, hata pauni moja, hata soda. Anayekuja wa mwisho atamtekea maji mama mzee wa jirani kwa wiki moja. Anayekuja wa kwanza atapanga bei za mechi ijayo, na mechi hiyo hachezi. Ndivyo kila mtu anapata zamu ya kuwa mwamuzi.

Mnaweza kuanza na mechi yoyote itakayoonyeshwa. Tena kuna muda wa kujizoeza, maana Kombe la Dunia linalofuata ni la 2027 huko Australia, na Zimbabwe watakuwepo pamoja na Afrika Kusini. Walikata tiketi Kampala mwaka 2025 kwa kuwafunga Namibia 30 kwa 28, baada ya kukosa kombe hilo tangu 1991. Wachezaji wao wengi watakuwa wa nyota 5. Mmesikia?

KAZI YA NYUMBANI

Una nyota 65 na unataka wachezaji 8. Umeshanunua watatu wa nyota 12. Je, kati ya watano waliobaki unaweza kununua wangapi wa nyota 8, na wangapi itabidi wawe wa nyota 5? Utabaki na nyota ngapi? Andika hesabu yote, si jibu tu. Leteni majibu shuleni kabla ya mwisho wa mwezi. Yatakayokuwa sahihi tutayataja kwenye kona hii, pamoja na majina ya ligi zenu kama mtakuwa mmeanza.

Tukutane mwezi ujao. Salimieni nyumbani.