Damu ya Mattingly na Hukumu ya Madaktari

Wapo miongoni mwetu ambao wakipimwa wakaonekana na upungufu, kisha maradhi yaliyohofiwa yasitokee, huwageukia madaktari kwa kejeli na kusema walitiwa hofu bure. Ken Mattingly, mwanaanga wa Marekani, alikuwa na sababu kubwa kuliko wengi ya kusema hivyo.

Mattingly aliteuliwa kwenda mwezini kwa chombo cha Apollo 13, Aprili 1970. Zikiwa zimebaki siku chache tu, Charles Duke wa kikosi cha akiba akaugua rubela, ambayo wengine huiita surua ya Kijerumani. Kwa kuwa vikosi viwili hivyo vilikuwa vikikutana, damu ya wasafiri ikapimwa kuona kama ina kinga. Jim Lovell na Fred Haise walikuwa nayo; Mattingly hakuwa nayo. Hakuwa na homa wala upele, na kila aliyemtazama alimwona mzima. Hata hivyo aliondolewa, na Jack Swigert akashika nafasi yake.

Mattingly hakuugua rubela. Je, madaktari walikosea? Sisi twasema hapana. Rubela hujificha mwilini wiki mbili hadi tatu kabla ya kujidhihirisha, na rubani wa chombo kikuu ndiye aliyepangiwa kubaki peke yake akiuzunguka mwezi, wenzake wawili wakiwa wameteremka chini. Angeshikwa na homa saa hiyo, nani angewapokea na kuwarudisha kwa wake zao na watoto wao? Damu iliulizwa swali moja tu, kinga ipo au haipo, nayo ikajibu kweli. Kumlaumu daktari kwa mambo yaliyojulikana baadaye si uadilifu.

Wala aliyepimwa akaruhusiwa hana dhamana. Tangi la oksijeni lilipolipuka njiani, na maji ya kunywa yakawa ya kupimiana, aliyepatwa na homa ni Haise, kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kipimo cha rubela kingeyajuaje hayo?

Lawama, kama ipo, tuielekeze kwingine. Watu waliotayarishwa kwa miaka, na kwa gharama isiyosemeka, waliachwa wachanganyike na watu hadi siku za mwisho. Damu ikaitwa kutoa ushahidi baada ya maradhi kukwisha kuingia mlangoni. Wakubwa wa safari hizo walilitambua hilo. Kuanzia Apollo 14, mwaka 1971, wasafiri walitengwa siku 21 kabla ya kurushwa, na waliowakaribia wakawa wachache na wenye kuchunguzwa afya zao.

Mattingly naye hakususa. Chombo kilipopata ajali, alikuwa ardhini pamoja na wataalamu wakitafuta namna ya kukiwasha tena kwa umeme mchache uliobaki, na wenzake wakarejea salama Aprili 17. Miaka miwili baadaye, Aprili 1972, alikwenda kwa Apollo 16, akauzunguka mwezi peke yake kwa takriban siku tatu, akiwangoja wawili waliokuwa chini. Mmoja wao alikuwa Charles Duke.